Namba Saba ya Bariadi

Namba saba niliiona Jumapili moja asubuhi, nimepiga goti mbele ya mlango wa kushoto wa Peugeot 404, msasa mkononi, pua imejaa vumbi la rangi. Chini ya rangi ya kijivu palikuwa na bluu. Chini ya bluu palikuwa na krimu. Juu ya krimu hiyo mtu alikuwa amepaka duara jeupe lenye ukubwa wa sinia la pilau, na katikati ya duara, kwa rangi nyeusi iliyopasukapasuka kama udongo wa kiangazi, ilisimama saba.

Niliacha kusugua. Nikaenda kunawa uso, nikarudi. Bado ilikuwa saba.

Gari lenyewe nililinunua Mwanza kwa fundi aliyekuwa anahama uwanja wake. Lilikuwa limekaa chini ya mwembe muda mrefu hadi kuku wametagia kwenye kiti cha nyuma. Tulipokwisha kupatana bei, aliniongezea maneno ya bure: "Hili, kaka, lilikimbia Safari." Wauza magari husema mengi, nami nimeshauziwa maneno zaidi ya mara moja. Lakini hayo yalinikaa kooni kama mwiba wa sato kwa miaka minne, na siku ile ya msasa nikaona mwiba umegeuka kuwa ushahidi.

Kwa kijana wa leo Safari ni ile ya Naivasha, ya televisheni na helikopta. Kwa baba zetu ilikuwa ndiyo Pasaka yenyewe. Ilianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na 1960 ikapewa jina la Afrika Mashariki. Ilipohamishiwa Pasaka ikaangukia katikati ya masika, na tope likawa mwamuzi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza tena 7. Mara zote mbili waliotangulia ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mara zote mbili walikuwa ndani ya Peugeot 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, alishinda mtu wa kwetu, ukikubali kumwita hivyo Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam: Bert Shankland wa Tanganyika Motors, waliokuwa wakiuza Peugeot, na mwenzake Chris Rothwell akimsomea ramani. Kwa hiyo enzi zile ukisema "Pijo" ulikuwa umetaja kitu kisichokwama.

Sasa piga hesabu niliyoipiga mimi. Gari linaloshinda hutunzwa. Ile Datsun 240Z ya Edgar Herrmann, iliyoshinda 1971, ipo Zama kule Japani, katika ghala la magari ya kumbukumbu ya Nissan. Lakini ikiwa mwaka mmoja magari 84 yaliondoka na 7 tu yakafika, yale 77 yalikwenda wapi? Hayakutupwa. Yalivutwa kutoka matopeni, yakafungwa springi mpya, yakauzwa. Hata Volvo PV544 aliyoshindia Joginder Singh 1965 ilikuwa imekwishakimbia Safari ya mwaka wa nyuma mikononi mwa dereva mwingine. Gari la mashindano lilikuwa linauzwa kama ng'ombe wa mnadani, na kwa nini mmoja wa ng'ombe hao asiishie chini ya mwembe wa Mwanza?

Tena dalili zilikuwepo kabla ya ile saba. Chini ya injini palikuwa na bamba nene la chuma, si la kiwandani, la kukinga mawe. Kwenye buti palikuwa na tangi la pili la mafuta. Juu ya paa palikuwa na matundu manne yaliyozibwa kwa puti, ya taa za usiku bila shaka. Kilichonitia mashaka ni kimoja tu. Magari ya Shankland yalikuwa ya pampu ya Kugelfischer, ile inayosukuma petroli ndani ya injini bila kabureta, na aina hiyo hutambulika kwa herufi KF kwenye kibati cha ndani ya boneti. Kibati changu kinasema 404, basi. Na kabureta ipo, tena inavuja. Nikajipa moyo: si kila mshindani alikuwa na fedha za pampu.

Nikampigia mtu wa Nairobi anayenunua magari ya zamani kwa ajili ya ile Safari ya magari ya kale, iliyoanza 2003. Alinisikiliza kwa adabu, akauliza swali moja tu: "Karatasi unazo?" Gari lenye karatasi, alinieleza, bei yake inajengea nyumba. Lisilo na karatasi linauzwa kwa uzito.

Karatasi niliyokuwa nayo ni kadi ya gari, imekunjwa hadi imekatika mapande manne. Jina la mmiliki wa zamani lilisomeka nusu. Anwani ilisomeka yote: sanduku la posta, Bariadi, Shinyanga.

*

Tuliondoka Mwanza mwanzoni mwa Julai, saa kumi na mbili asubuhi, mimi na mpwa wangu, ambaye ni fundi umeme wa magari ya kisasa na haamini gari lisilo na kompyuta. Niliamua twende na Pijo lenyewe. Kama ni shahidi, basi lifike mahakamani kwa miguu yake.

Peugeot 404 ina gia za usukani, na injini yake ya sentimita za ujazo 1618 imelazwa upande kwa nyuzi 45, kama mtu aliyejinyoosha kwenye mkeka. Ukiizoea, inatembea. Sitini, sabini, huku Noah na mabasi yakikupita kwa honi za huruma. Tulipita Igoma, tukapita Kisesa, ambako kilimani Bujora kuna makumbusho ya Wasukuma: ngoma za watemi, viti vyao, nyumba ya mhunzi. Nimekwenda pale mara tatu. Kila kilichowahi kumbeba Msukuma kipo, kasoro gari.

Mto Simiyu, ulioupa mkoa jina, unauvuka Magu, yaani ungali Mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Simiyu wenyewe ni wa 2012 tu: Bariadi, Maswa na Meatu zilimegwa kutoka Shinyanga, Busega ikatoka upande wa Mwanza, na Itilima ikazaliwa ndani ya Bariadi. Ndiyo maana kadi yangu inasema Shinyanga. Lamadi tulisimama kunywa chai. Barabara kuu inaendelea kaskazini kwenda Bunda, ikipita lango la Ndabaka la Serengeti. Sisi tukakata kulia, tukaliacha ziwa mgongoni.

Kutoka Lamadi hadi Bariadi ni lami ya kilomita 71.8. Msimu wa pamba ulikuwa umefunguliwa. Malori yalikuja yameshiba hadi juu ya vyuma, na kila lori lilipopita liliacha nyuzi nyeupe zimenasa kwenye miiba ya migunga kando ya barabara, kilomita baada ya kilomita, hadi mpwa wangu akasema miti ya huku inaota mvi.

Kabla ya Dutwa gari likaanza kukohoa, likazima. Nilijua tatizo: kutu ya tangi ilikuwa imeteremka ikaziba kabureta. Nikaifungua, nikapuliza kwa mdomo, nikatema petroli. Betri nayo ikagoma. Vijana wawili wachunga ng'ombe walikuja kutazama, wakiwa na fimbo mabegani, na mmoja akauliza kwa upole kama tunahitaji maksai. Nikatoa hendeli. Nilipoipachika pale mbele na kuizungusha mara ya pili, injini ikanguruma, na wale vijana wakarudi nyuma hatua tatu. Hawakuwahi kuona gari linalowashwa kama kinu.

"Mjomba," mpwa wangu aliniambia tulipoanza kutembea, "hawa ni watu wa Bariadi. Wana usafiri wao wa ungo kutoka Gamboshi, hauhitaji hendeli." Utani wa kijiji cha Gamboshi na uchawi wake umezeeka kuliko gari langu, na Wasukuma wenyewe ndio wanaousimulia kwa kicheko kikubwa zaidi, kwa hiyo nilimwachia.

*

Sanduku la posta si nyumba. Asubuhi ya pili tulizunguka Bariadi mjini na kadi yetu ya mapande manne, tukitumwa huku na huku, hadi dereva mmoja wa bodaboda akaegesha, akalizunguka Pijo taratibu, akasema, "Hili nimelisikia kwa babu. Nifuateni."

Alitupeleka upande wa Somanda, kwenye nyumba ya bati yenye mkwaju mlangoni. Mama wa makamo ya juu kabisa alikuwa barazani anapepeta karanga.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, bhabha. Karibuni." Hakututazama sisi. Aliuweka ungo chini, akanyanyuka kwa kushika nguzo, akaja hadi kwenye gari. Akaweka kiganja juu ya boneti kama anayempima mtoto homa.

"Limenenepa," alisema.

Kumbe ni rangi. Lilipofika kwake lilikuwa na koti moja tu.

Tulikaribishwa michembe iliyochemshwa na karanga, na wakati tunakula akatueleza. Marehemu mumewe alikuwa karani wa pamba katika chama cha msingi, siku zile vyama vyote vya huku viko chini ya shirikisho la Victoria, kabla ya kuwa Nyanza. Alipopata gari hili, mwishoni mwa 1969, alilinunua kwa mfanyabiashara wa Kihindi mjini Shinyanga. Mshahara wa karani hauwezi kununua Peugeot. Ndugu watatu walichanga ng'ombe.

"Mama," nikamkatiza, kwa adabu lakini kwa pupa, "huyo Mhindi alikuwa anashindana mbio za magari?"

Akafikiri. "Alikuwa mnene sana, mwanangu."

Nikamwonyesha matundu ya paa, tangi la pili, ile saba. Akatikisa kichwa. Mambo ya chini ya gari hayajui, alisema. Yeye anajua ya ndani. Anajua waliozaliwa humo, wawili, mmoja kabla ya kufika hospitali na mmoja njiani kurudi baada ya kuambiwa siku bado. Anajua bibi harusi aliyetapika. Anajua kwamba mwaka 1998 liliuzwa Mwanza ili mumewe atibiwe, na kwamba fedha ilitosha dawa lakini haikutosha siku. Alisema hivyo bila kubadili sauti, akachukua ungo wake.

"Ya chini ya gari kamuulizeni fundi. Yupo bado. Ila sasa hasikii sana, semeni kwa nguvu."

*

Fundi tulimkuta amekaa kwenye kiti cha Bedford kilichotolewa kwenye lori na kusimikwa chini ya mti. Kofia ya sufu, Julai ile, na vidole ambavyo havikuwa vinanyooka tena. Nilipozima injini akanyoosha mkono mmoja juu: tulieni. Alikuwa anasikiliza mlio ukiisha.

"Vali ya tatu," alisema. Anayedaiwa kutosikia.

Mjukuu wake akaleta jamvi. Tulijaribu kumzuia, hakuzuilika. Akalala chali, akajisukuma kwa visigino hadi kichwa kikapotea chini ya gari. Nikaingia upande wa pili na tochi. Huko chini palikuwa na joto na harufu ya oili iliyoungua. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa lile bamba la chuma, juu ya mshono wa kuchomelea, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Ona magamba yake yamelala upande gani."

Nikaangalia. Mshono wa kuchomelea una mawimbi madogo yanayolaliana kama magamba ya samaki, na haya yalikuwa yameelekea kinyume na yale ya mishono mingine yote chini ya gari.

"Mimi ni mashoto," alisema. "Hili ni langu."

Basi bamba la kukinga mawe ya Safari lilichomelewa hapa, Bariadi, na aliyelichomelea alikuwa amelala kando yangu. Akaniambia nisugue tope pale pembeni. Nikasugua. Zikatokea herufi tatu zilizokandamizwa kwenye chuma: UFI. Ubungo, kiwanda cha zana za kilimo. Ni kipande cha plau ya ng'ombe. Plau ilivunjika mkulima mmoja akiwa shambani, Pijo likapasuka sampo kwenye kisiki wiki hiyohiyo, na fundi akaona vifo viwili vinaweza kutoa uhai mmoja.

Nilimwuliza tangi la pili. Siku hizo, alisema, ukitoka hapa kwenda Mwanhuzi na kurudi usitegemee kituo cha mafuta. Ukibeba dumu ndani abiria wanalewa harufu. Akaendelea bila kuulizwa. Peugeot hii, tofauti na magari mengi, difu yake haina meno ya kawaida: kuna skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba. Imara mno, lakini ina ulaji wake. Haitaki oili ya gia ya kila gari.

"Inataka nyonyo," alisema.

Mpwa wangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nimesoma kitabu cha matengenezo cha gari hili na nilikuwa nimeshangaa ukurasa huo: kiwanda chenyewe kiliagiza oili yenye asili ya mafuta ya nyonyo kwa difu hiyo. Miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera, nchi ilipokauka petroli na magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, oili ya kiwandani haikuwa hadithi ya Bariadi. Lakini mnyonyo unaota wenyewe nyuma ya kila choo. Akina mama walikamua, fundi akachuja kwa kanga, difu ikala. Hadi leo haijabadilishwa.

Nilitoka chini ya gari nikiwa nimebakiwa na kitu kimoja. Nilikipeleka mbele yake kama mchezaji wa karata aliyeficha dume.

"Na hii saba, mzee?"

"Saba gani?"

Nikamwonyesha mlango. Aliinama, akasogeza uso hadi karibu kugusa duara. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka hadi akakohoa, mjukuu akamletea maji, akanywa, akacheka tena.

"Mwanangu," alisema, "hilo ni jembe."

Akaokota kijiti, akachora chini. Mpini mrefu ulioinamia. Bapa limelala juu, limeelekea kushoto. Akakitazama alichochora, akanitazama. Ndiyo: jembe la mkono, ukilisimamisha hivyo, ni saba.

"Nenda upande wa pili ukakwangue. Utakuta nyumba."

Sikuhitaji kuelezewa zaidi, ila mpwa wangu alihitaji, amezaliwa baada ya vyama vingi. Tangu uchaguzi wa 1965, TANU ikiwa chama pekee Tanganyika, karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili wa chama hichohicho, na ili asiyejua kusoma naye apige kura, mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Haukuwa mchezo wa kuigiza. Mwaka huo wa kwanza aliangushwa hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyejengwa na ushirika wa pamba huku huku Usukumani. Utaratibu wa jembe na nyumba ulidumu uchaguzi baada ya uchaguzi, na huu wa mlangoni kwangu, fundi alisema, ni wa 1970.

"Wagombea hawakuruhusiwa kila mmoja kufanya mkutano wake. Jukwaa moja, siku moja. Na huku kwetu gari lilikuwa moja." Akanyoosha kijiti. "Jembe mlango ule, nyumba mlango huu. Spika ya pembe juu ya paa. Matundu yake hayo manne, niliyatoboa mimi. Wanaondoka asubuhi wamekaa pamoja, wanafika kijijini wanatukanana kwa heshima, jioni wanarudi pamoja, mmoja amemlalia mwenzake begani."

"Nani alishinda?"

"Gari," alisema fundi. "Halikukwama hata siku moja."

Mpwa wangu ndiye aliyekwangua mlango wa kulia. Aliloweka msasa, akasugua kwa mviringo, polepole, kuliko nilivyomwona akifanya kazi yoyote. Kijivu, bluu, krimu. Kisha ukatokea ukingo mweupe, na ndani yake pembe tatu nyeusi: paa. Chini ya paa, kuta mbili na mlango.

*

Jioni fundi alitaka tumzungushe. Alikaa mbele, upande wa jembe, akatuelekeza tutoke kwenye lami tushike njia ya vumbi ya kwenda Nkololo. Njia imekatiza mbugani. Mbuga ninayosema si ya wanyama. Ndivyo Wasukuma wanavyouita ule udongo mweusi wa mabondeni. Kiangazi unapasuka hadi mguu wa mtoto unaingia. Masika unavimba, unashika tairi, unajikusanya kwenye matao hadi gurudumu linaacha kuzunguka na gari linateleza kama sabuni. Tulipita mahali penye kisiki cha mkwaju, akagonga kioo kwa kidole: hapo ndipo sampo ilipopasuka.

Wazungu, aliniuliza, walikuwa wakishinda hizo Safari kwa njia gani? Nikamweleza: tope, mito iliyofurika, mawe, usiku, magari ya kawaida yaliyotoka dukani na kukazwa kidogo. Katika Safari za mwanzo magari hata yaligawanywa madaraja kwa bei yake ya dukani. Akasikiliza hadi mwisho.

"Mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara moja, mzee."

"Siku ngapi?"

"Nne, tano."

Hakusema kitu. Aliangalia nje ya dirisha, kwenye mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, hadi tukafika mjini.

Usiku nilimpigia yule mtu wa Nairobi, nikamweleza yote, nikijua atakachosema. Alikuwa muungwana kama mara ya kwanza. "Basi hilo ni gari tu," alisema, na akanitakia usiku mwema. Sitanii, iliniuma. Miaka minne nilikuwa nalala na mshindani, nikaamka na karani wa pamba. Nilikaa kwenye ngazi ya gesti nikipiga tena ile hesabu ya magari 77, na kwa mara ya kwanza nikaona kosa lake: nilikuwa nimedhani kwamba alama za mateso kwenye chuma cha gari la Tanzania lazima ziwe zimetokana na michezo.

Asubuhi kabla ya kuondoka tulipita kumuaga mama. Nilimwambia kuhusu jembe na nyumba. Alikumbuka spika, ilikuwa ikiwaamsha watoto. Akalizunguka gari hadi upande wa kulia, akatazama ile nyumba iliyotoka jana, akapitisha kidole kwenye paa lake.

"Wabeja," alisema. Sijui kama alikuwa anatushukuru sisi au gari.

Tulirudi kwa njia ya Maswa na Mwigumbi, kilomita mia moja za lami hadi barabara kuu ya Shinyanga na Mwanza. Kabureta haikuziba.

Mlango wa kushoto nimeuacha na jembe lake, wa kulia na nyumba yake, na juu yake nimepaka vanishi tu. Peugeot hii haikukimbia Safari. Ninayesema hivyo ni mimi mwenye mali, ili atakayeinunua baada yangu asidanganywe. Bado natafuta kitu kimoja. Kama nyumbani kwenu, Bariadi, Maswa, Meatu au popote Usukumani, kuna picha ya mkutano wa kampeni wa 1970 na nyuma ya watu limeegeshwa Pijo la rangi ya krimu lenye spika juu ya paa, tafadhali msiichome pamoja na karatasi za marehemu. Mleteeni fundi aione. Yuko Bariadi, chini ya mti, kwenye kiti cha Bedford.